Usimweke Mtu Kwenye Picha

Bukundi, Meatu
Jumanne, 5 Machi 2024

Baba mkubwa,

Mwangaluka. Nimefika salama na kamera imefika salama. Mgongo tu ndio unaolalamika, maana kutoka Mwanhuzi hadi huku barabara ni mashimo na matope. Simu haishiki mtandao mpaka upande kilima, na hata nikipanda, kwa masikio yako hayo tutaishia kupigiana kelele za "nini? nini?" mpaka vocha iishe. Tuandikiane basi, kama ulivyokuwa unaniandikia nilipokuwa bweni. Kuna kaka anaitwa Paschal, mhudumu wa zahanati, huenda Mwanhuzi kwa pikipiki kila Jumanne na Ijumaa. Barua anaziacha stendi kwenye duka la dada mmoja, Lucy, na kondakta wa basi la Bariadi anazichukua hapo. Za kwako zipite njia hiyo hiyo.

Nimepata chumba kwa mama mjane, Nyanjige. Ana mbuzi, ana shamba la mtama, na haongei sana. Nikimshukuru kwa chakula anasema "wabeja" kabla yangu, kama vile mimi ndiye niliyempikia.

Sasa nikuambie kilichonileta, maana nilipoaga sikusema yote. Sikuja kupiga picha za ng'ombe. Korongo la Mwasengela, ambalo kiangazi ni mchanga mtupu, mwaka huu limejaa, na pale linapofika ukingo wa mwamba maji yanaanguka kimo cha nyumba tatu zilizopandana. Nikiwaambia watu wa Somanda kwamba Simiyu kuna maporomoko watanicheka. Watu wa kalenda walioniagiza picha wanayataka kwa sababu hiyo hiyo. Picha za pamba kila mtu anazo.

Shida yangu ni mwanga. Jana nilipiga saa sita, maji yote yakaungua, meupe kama shuka iliyoanikwa. Shida ya pili ni ukubwa. Kwenye picha yanaonekana kama maji ya bomba. Chini ya maporomoko, katikati ya korongo, kuna jiwe bapa, na nafikiria kumsimamisha Nyanjige pale na kanga yake nyekundu, ili mtu akitazama ajue kimo. Unasemaje, mwalimu wangu?

Najua hupendi nikae karibu na maji, kwa sababu ya kifo cha baba. Usiogope. Mimi sinywi pombe, wala sivuki mto uliojaa.

Mwanao,
Milembe


Somanda, Bariadi
7 Machi 2024

Ng'wanone, mwanangu Milembe,

Barua nimeipata jana, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa studio, na mteja wa pasipoti ameondoka bila kupigwa picha kwa sababu sikumsikia wala sikumwona.

Rudi. Bukundi ni karibu na pori, tembo huingia mashambani mvua zikinyesha. Kuna fisi. Kuna wezi wa ng'ombe ambao hawapendi kamera. Maji ya korongo yana kichocho. Waambie watu wa kalenda umeugua, watakuelewa.

Kama huwezi kurudi kesho, basi fanya kazi upesi na uifanye hivi. Mwanga wa mchana ni adui wa maji. Uwe umefika kabla jua halijatokeza juu ya mwamba, au subiri wingu. Wingu ni shuka nyembamba ambayo Mungu anaitandika mbele ya taa yake. Shata yako ifunguke kwa nusu sekunde, maji yawe kama nyuzi za pamba. Ukiiacha zaidi yanakuwa moshi, na moshi hauna uzito. Usiyaweke maji katikati ya fremu. Yaweke kulia, uyaachie nafasi ya kwenda. Miguu ya stendi ya kamera izamishe kwenye mchanga mpaka ishikilie. Futa lenzi kila baada ya picha mbili, manyunyu yanadanganya.

Usimweke mtu kwenye picha. Ukitaka ukubwa, tafuta mti, tafuta ndege, ngoja mbuzi apite. Mtu hapana. Sina maelezo zaidi, mimi ndiye niliyekufundisha, nitii.

Baba yako mkubwa,
Athanasi


Bukundi
11 Machi 2024

Baba mkubwa,

Wabeja kwa mafunzo ya mwanga. Jumamosi na jana nilikuwa korongoni saa kumi na mbili na robo, na kwa nusu saa nzima, kabla jua halijachomoza, mwamba ulikuwa na rangi ya ini na maji rangi ya maziwa yaliyopoa. Nusu sekunde, kama ulivyosema. Nilipoangalia kwenye kioo cha kamera nilitaka kulia.

Lakini bado ni maji ya bomba. Mti hakuna, mbuzi wa Nyanjige hawataki kukaribia. Samahani, baba mkubwa, safari hii sitakutii. Tembo hatujamwona, fisi nawasikia hata Somanda. Ungesema sababu moja ya kweli ningeifikiria. Unaniamrisha kama mtoto, na mimi nina miaka ishirini na sita na studio nusu ni yangu.

Nikuambie ukweli mwingine, maana wewe ndiye ninayekuambia. Naogopa kidogo pale. Ukisimama karibu unasikia mawe yakigongana chini ya maji, kama mtu anayepanga masufuria gizani. Na Nyanjige ana tabia ya kutazama juu, kule maji yanakotoka, kila baada ya muda mfupi. Nilimwuliza anatazama nini. Akasema, "Natazama tu." Nilipomwomba asimame kwenye jiwe alilitazama jiwe, kisha mwamba, nikafikiri atakataa. Kisha akasema sawa, lakini yeye ndiye atakayeamua kushuka lini.

Tutapiga Jumamosi tarehe 16. Hapo nitafunga mizigo nirudi, tufurahi pamoja.

Mwanao mkaidi,
Milembe


Somanda
13 Machi 2024

Milembe,

Unataka sababu moja ya kweli. Ninayo. Nimeibeba miaka ishirini na sita, na sasa naandika haraka kwa sababu kondakta anaondoka saa nne na barua hii lazima ikufikie Ijumaa.

Mimi nimesimama pale unaposimama. Februari 1998, mvua zile kubwa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na kamera mpya, nikataka picha kubwa ya kuweka dirishani mwa studio ambayo nilikuwa naifungua. Nikasikia habari za Mwasengela, nikaenda na mdogo wangu anibebee mizigo. Mdogo wangu Mwandu. Baba yako.

Picha ilikuwa ndogo, kama unavyosema, maji ya bomba. Nikamwambia, "Panda pale kwenye jiwe bapa." Alikuwa amevaa shati jeupe, akapanda akicheka. Mbingu ilikuwa safi, Milembe, buluu, hakuna wingu hata moja. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, na maji yalikuwa njiani.

Nakuandikia nilichokiona ili nawe ukione mapema. Kwanza maji hupungua kidogo, kama yanavuta pumzi. Kisha yanabadilika rangi, yanakuwa kahawia, na majani na vijiti vinaanza kudondoka kutoka juu. Ukiona hivyo, kimbia. Usikunje stendi, usichukue begi, kimbia upande wa mlima, usikimbie kufuata korongo.

Mimi niliyaona yote hayo ndani ya kamera. Niliona maji yanakuwa kahawia, nikafurahi, kwa sababu shati jeupe lilitokeza vizuri zaidi. Mwandu aligeuka, akasema neno ambalo sikulisikia kwa kishindo cha maji. Nikamwinulia mkono atulie. Nikapiga kelele, "Bado moja." Alitulia. Alitulia kwa sababu mimi ni kaka yake.

Niliposhusha kamera jiwe halikuwepo, na yeye hakuwepo.

Tulimpata siku ya pili, mbali. Nilimrudisha nyumbani Lalago, na njiani nikatunga uongo. Mama alikuwa amenikabidhi mdogo wangu kwa mkono wake. Sikuweza kumwambia. Nikasema Mwandu alikunywa mnadani, akang'ang'ania kuvuka mto, nilimkataza hakusikia. Hakunywa hata tone. Nilisema kwa sababu mlevi hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Tangu hapo bibi yako hajaruhusu pombe nyumbani kwake, hata ya harusi. Na wewe shuleni wakakuita mtoto wa mlevi, ukaja kwangu ukilia, na mimi nikakufuta machozi kwa mkono huu huu.

Ile filamu niliichoma.

Sasa umeijua sababu. Nichukie ukitaka, lakini ukiwa nchi kavu. Usimsimamishe mama wa watu pale, na wewe usisimame.

Athanasi


Somanda
18 Machi 2024

Milembe,

Tangu Jumamosi sijala cha maana. Mvua imenyesha siku nne. Basi la Meatu linaishia Mwanhuzi, ng'ambo hapapitiki. Leo asubuhi stendi dereva mmoja alisema Bukundi maji yamebeba watu, wawili au watatu, na mmoja ni mwanamke mgeni mwenye kamera. Sikusikia vizuri, nikamshika kola nikamwambia rudia. Watu wakanivuta. Alirudia, kisha akasema yeye mwenyewe ameambiwa tu na mwenzake.

Napiga namba yako, najua haishiki. Napiga hivyo hivyo, naweka simu kwenye sikio ambalo halisikii.

Ninatuma hii. Sijui nani ataifungua.

Athanasi


Bukundi
19 Machi 2024

Baba mkubwa,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua moyo wako. Mwandiko ni mbaya kwa kuwa naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo, Paschal ameufunga na vipande vya ubao mpaka barabara ifunguke nifike hospitali. Tangu Ijumaa haendi popote, mto wa upande wa Mwanhuzi umekata njia. Hatuna barua, wala mtandao hata kilimani, wala chumvi.

Jumamosi tulitoka mapema. Mbingu ilikuwa safi kabisa huku kwetu. Nyanjige alipanda kwenye jiwe na kanga nyekundu, nami nikawa kando ya maji chini yake, hatua kama ishirini. Nilipiga nne. Ya nne ilikuwa karibu iwe yenyewe, baba mkubwa. Maji yalikuwa kulia, nafasi kushoto, yeye mdogo sana na mwekundu sana, na ule mwanga kabla ya jua. Lakini kichwa chake kilikuwa kimegeuka kutazama juu. Nikapiga kelele, "Mama, nitazame! Bado moja!"

Alinitazama kweli. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Akashuka.

Sikuamini. Nilimwita, "Moja tu! Moja tu na tumemaliza!" Hakujibu, alikuwa anaupanda ukingo kwa mikono na miguu kama mtu anayefukuzwa, huku akinipungia nimfuate. Nikaudhika. Nikainama kukunja stendi. Nikasikia kimya. Sijui nikuelezeje, yale maporomoko yalinyamaza kidogo. Nilipoinua kichwa, pale juu kwenye ukingo wa mwamba hapakuwa na maji tena, palikuwa na miti. Miti mizima yenye mizizi, imesimama wima ndani ya tope, halafu ikainama kuja chini.

Kamera imekwenda. Stendi imekwenda. Mimi nilipigwa nikazungushwa, nikakumbatia mzizi, na huo mkono ukavunjika nikausikia. Nyanjige alivua kanga, akaifunga kwenye mti, akanishushia ncha. Alinivuta akiwa anatukana kwa Kisukuma matusi ambayo bibi angefunga masikio.

Tulikaa juu ya mwamba mpaka mchana. Nikamwuliza alijuaje. Hapo ndipo aliponieleza, na kwa hilo naandika.

Alisema, "Nilipokuwa na miaka kumi na tano, nilikuwa juu hapa na ndama. Walikuja vijana wawili wa mbali na kamera. Mmoja alisimama pale, na shati jeupe. Mimi niliyaona maji yanakuja, nikaita, hawakusikia. Yule wa kamera aliinua mkono, akapiga kelele, bado moja. Wewe ulipolisema neno lile leo, nywele zilinisimama."

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kusimama. Akasema, "Ningekataa ungemtafuta mwingine, asiyejua kutazama juu."

Kisha akasema yule wa kamera alikimbia kando ya maji siku nzima akilia, "Mdogo wangu Mwandu, mdogo wangu Mwandu." Jina analikumbuka kwa sababu ni la mjomba wake.

Baba mkubwa, ilikuwa 1998. Mimi nilikuwa na miezi minne. Uliniambia baba alikufa akivuka mto amelewa. Uliniambia mto, hukusema upi. Uliniandikia usimweke mtu kwenye picha, na hukusema kwa nini.

Niambie yule wa kamera si wewe. Niandikie hivyo na nitaamini.

Milembe


Mwanhuzi
20 Machi 2024

Milembe,

Nimekuja Mwanhuzi. Basi lilisimama Lalago robo saa, nikaona paa la mama kutoka dirishani. Sikushuka.

Mbele hapapitiki. Niko kwenye duka la Lucy. Hakuna anayejua habari zako. Hajafika mtu kutoka Bukundi tangu wiki iliyopita, na Lucy anasema yale ya watu kubebwa hata yeye ameyasikia, lakini majina hana.

Nilipojitambulisha aliingiza mkono chini ya meza akasema, "Mzee, basi hii si barua yako? Haijachukuliwa." Ilikuwa ile ya tarehe 13. Haikukufikia. Jumamosi ulisimama pale bila kujua.

Amenirudishia. Nimekaa nayo mfukoni tangu saa nne, na sasa ni saa nane. Nitakueleza nilichofikiria, kwa sababu nimechoka kuficha. Nilifikiria hivi: kama amekufa, haina wa kumsaidia. Kama yuko hai, hatari imepita, haina kazi tena. Kwa vyovyote naweza kuichana, na hakuna atakayejua, kama ambavyo hakuna aliyejua. Niliitoa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshaishika kwa mikono yote miwili, hivi, ya kuchana, na Lucy akaniuliza kama nataka chai.

Nikagundua kwamba naogopa vitu viwili, kwamba umekufa, na kwamba uko hai na utaisoma. Mzazi hatakiwi kuogopa la pili.

Nimemrudishia Lucy. Nimemwambia hata nikija kumwomba asinipe. Hii naiweka juu yake na ile ya tarehe 18.

Nasubiri hapa.

Athanasi


Bukundi
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Baba mkubwa,

Paschal alivuka Ijumaa, akarudi na barua zako tatu kwa mpigo. Anasema ulikuwa pale dukani. Anasema alikupa yangu, ukaisoma mara moja, ukakaa sakafuni kati ya magunia, ukalia kwa sauti mbele ya wateja. Kisha ukanawa uso, ukapanda basi la kurudi Bariadi. Pikipiki ilikuwa inapita. Ungeweza kuja. Sikulaumu sana, sijui ningefanya nini na uso wako.

Nimezisoma mbele ya Nyanjige, kwa sauti, kwa sababu naye anahusika. Nilipofika kwenye shati jeupe alifunika mdomo.

Nimekasirika mno, na nitakuambia kwa mpangilio, usije ukadhani ni kwa sababu ya jiwe. Jiwe nimelielewa. Mimi pia nilisema bado moja. Mimi pia nilikuwa namtazama mtu ndani ya kamera nikamwona rangi nyekundu tu. Tofauti yangu na yako ni kwamba niliyemsimamisha mimi alikuwa ameshaona mtu akifa kwa neno lile. Hiyo si akili yangu. Kwa hiyo jiwe sikuhukumu.

Nakuhukumu kwa pombe. Darasa la tano nilipigana na mwenzangu Ladislaus mpaka nikang'oka jino kwa sababu ya pombe ambayo baba hakuinywa. Sikuwahi kuwasha mshumaa kwenye kaburi lake. Nilikuwa namwonea aibu! Na wewe ulikuwa unatazama.

Halafu kuna tarehe. Nimeziweka barua kitandani kwa kufuatana. Mimi nimekuuliza tarehe 19. Wewe umeniambia tarehe 13. Hukuwa umeulizwa na mtu habari za baba. Hukuwa umekamatwa. Hilo nalirudia kichwani, na kila nikilirudia hasira inapungua kisha inarudi. Sijui nikusamehe au vipi, usiniulize bado.

Ila jambo moja najua. Bibi ana miaka themanini. Nenda Lalago ukamwambie. Usiandike, nenda. Mimi mkono ukifungwa plasta nitarudi.

Watu wa kalenda wametumiwa zile za asubuhi ya kwanza, nilikuwa nimehamishia kwenye simu, nikampa Paschal avuke nayo. Hazina mtu. Wakisema ni ndogo, ni ndogo.

Milembe


Lalago, Maswa
28 Machi 2024, Alhamisi Kuu

Ng'wanone,

Nimekwenda.

Nilifika saa tatu. Nimewahi kuogopa katika maisha yangu, uliyaona maji yale, unajua. Haikufika hii. Kutoka barabarani mpaka kwa mama ni dakika tano, mimi nilitumia saa nzima. Nilisimama kwa Marcelo jirani nikaulizia bei ya mbegu, na wala sina shamba.

Mama alikuwa uani anapepeta choroko. Nikapiga magoti. Akasema, "Nani amekufa?" Nikasema, "Mwandu, mayu." Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamwambia yote, nikipiga kelele kama viziwi tunavyosema bila kujua, nadhani hata Marcelo amesikia. Jiwe, shati, mkono wangu ulioinuka, na pombe ambayo haikuwepo.

Aliendelea kupepeta. Nilifikiri hajanielewa. Kisha ungo ukasimama. Akauliza, "Siku ile asubuhi alikula nini?"

Nikasema, "Chai, mayu. Chai na michembe ya viazi."

"Michembe ya nani?"

"Ile uliyotufungia wewe."

"Aliimaliza?"

Nikasema aliimaliza na yangu akala. Akauliza shati lilikuwa lipi. Nikasema lile la misa. Akasema, "Nilimfulia mimi." Akauliza njiani aliongea nini, kama alikuwa na viatu, kama alimtaja mtoto. Nikamwambia alikutaja, Milembe, kwamba umeanza kucheka na kwamba kicheko chako kinafanana na cha mbuzi. Mama akatoa sauti, sijui ilikuwa kucheka au nini.

Aliniuliza mpaka saa saba. Kifo chenyewe hakukiuliza hata mara moja. Miaka yote hii nilidhani nimemwibia mwanawe siku moja ile ya maji. Kumbe nilimwibia na asubuhi yake yote, na kila siku nyingine ya nyuma, kwa sababu mlevi hakumbukwi, anasitiriwa.

Nilipoinuka nimshike mkono aliuondoa. Akasema, "Athanasi, toka. Leo sitaki kukuona, na kesho sitaki kukuona." Nikafika mlangoni pa ua. Akaniita, "Jumapili, baada ya misa ya Pasaka, uje. Hujanimalizia."

Nimelala kwa Marcelo. Naogopa Jumapili kuliko leo, kwa sababu safari hii atakuwa amepata siku mbili za kufikiri. Nitakwenda. Sikuombi chochote.

Athanasi


Mwanhuzi
30 Machi 2024, Jumamosi Kuu

Baba mkubwa,

Barua yako nimeipokea hapa kwa Lucy, nimetoka hospitali sasa hivi na plasta mpaka kwenye kiwiko. Kondakta ananihimiza, naandika haraka akuletee leo kwa Marcelo. Basi lake limejaa, mimi nitapanda la asubuhi.

Nyanjige yuko nami. Nilimwomba aje, akasema ana mtama, halafu nikamwona amevaa viatu. Yeye alikuwa juu na ndama, aliona ambavyo sisi wote hatukuviona, na bibi atataka kumwuliza. Mwandalie mahali pa kulala.

Tutafika misa haijaisha. Tukichelewa, kaa na bibi, mpe chai, ongeeni choroko, ongeeni chochote.

Usianze kabla sijafika.

Milembe Mwandu